Kupima habari za sayansi na mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Maswali haya hurudi kila mvua inapozidi, kila samaki wanapoelea na kila picha ya kutisha inapozunguka kwenye simu. Yanaanzia ya msingi hadi yenye utata, na pale jibu limeshatolewa tunakuelekeza kwa namba ya swali. Tunayaandika kwa sababu moja: ukikosea chanzo cha tatizo, utakosea na tiba. Ghuba ya Winam na maziwa ya Bonde la Ufa yameshapewa dawa nyingi za ugonjwa usio wao.

## Misingi

1. Kushuku kunatofautiana vipi na kukataa kila kitu?

Mwenye kushuku huuliza ushahidi uko wapi, kisha huufuata hata ukimpeleka asikotaka. Anayekataa ameshaamua kabla ya kuuliza. Kujipima ni rahisi: jiulize ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo. Ukikosa jibu, umeshaacha kushuku na sasa unatetea upande.

Kuna kosa la pili ambalo hata wasomi hulifanya. Dai likionekana la uongo, watu huhitimisha kwamba tatizo lenyewe halipo. Ufa wa Suswa wa 2018 haukuwa bara likigawanyika (tazama swali la 9), lakini barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika kweli. Lazima mambo hayo mawili yasemwe pamoja.

2. Nimetumiwa habari ya kutisha kwenye WhatsApp. Nianzie wapi?

Tafuta ndani yake mambo manne: nani amesema, wapi, lini, na kiasi gani. "Wanasayansi wamegundua samaki wa ziwa wana sumu" haina hata moja. Samaki gani? Wa ufuo upi? Walipimwa wangapi, na sumu ilikuwa miligramu ngapi kwa kilo? Bila idadi na kipimo, hakuna cha kuamini wala cha kukanusha.

Halafu chunguza picha. Itafute kwa Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Angalia namba za magari, kwa maana Kenya zinasaidia sana: gari lenye namba inayoanza na KD haliwezi kuwa kwenye mafuriko ya 2017, maana herufi hizo zilianza kutolewa baadaye. Soma pia mabango ya maduka na majina ya shule yaliyo nyuma ya watu.

Mwisho, nenda kwa taasisi ya serikali inayohusika yenyewe. Habari za samaki zitafute KMFRI, mazao KALRO, magonjwa KEMRI, mvua Idara ya Hali ya Hewa. Fungua ukurasa wao rasmi. Picha ya barua yenye nembo si ushahidi, kwa kuwa nembo hunakiliwa kwa dakika moja.

3. "Inapunguza hatari kwa asilimia 40" ina maana gani?

Uliza kwanza: asilimia 40 ya ngapi? Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, ni mfano mzuri. Katika majaribio, watoto waliopata dozi 4 waliepushwa karibu visa 4 kati ya 10 kwa muda wa miaka 4. Wengi walisikia namba hiyo wakasema chanjo ni dhaifu. Lakini fikiria eneo ambalo watoto 100 wangepata visa 200 vya malaria: hapo visa 80 havitokei. Ni vitanda vingi vya hospitali hivyo.

Sasa geuza. Ugonjwa unaompata mtu 5 kati ya 100,000 ukipungua kwa asilimia 40, wanabaki 3. Asilimia ni ileile, uzito ni tofauti kabisa. Gazeti likikupa asilimia peke yake, halijamaliza kazi.

## Ziwa Victoria na Ghuba ya Winam

4. Kwa nini gugu maji halimaliziki, licha ya mashine na pesa zote zile?

Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 upande wa Kenya, karibu zote katika Ghuba ya Winam. Miaka miwili baadaye lilikuwa limepungua sana. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Kuna wanaowasifu fukusi wa Neochetina walioachiliwa upande wa Kenya kuanzia 1997, na kuna wanaosema ni mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997–98. Vyote vilikuja kwa wakati mmoja. Fukusi hutafuna majani, mabuu yao hutoboa mashina, na mmea uliodhoofika hivyo huvunjwa na mawimbi kwa urahisi. Anayetaja kimoja tu anadai zaidi ya ushahidi alionao.

Kuhusu mashine, fanya hesabu. Chukua zulia la hekta 1,000 linaloongezeka maradufu kila baada ya wiki 2, jambo ambalo gugu hili huliweza likiwa na chakula. Ili lisipanuke tu, unahitaji kuondoa karibu hekta 50 kila siku, Jumapili zikiwemo. Tena zaidi ya asilimia 90 ya mmea ni maji, kwa hiyo gharama kubwa ya kusafirisha ni ya kubeba maji. Ukimaliza, mbegu zinabaki matopeni, na huweza kuota hata baada ya miaka 15.

Kinachoamua ni chakula: nitrojeni na fosforasi kutoka maji taka ya miji, mbolea, na udongo unaoletwa na mito ya Nyando, Nzoia na Sondu Miriu. Fosforasi hushikamana na udongo. Kwa hiyo matuta yanayozuia mmomonyoko kwenye milima ya Nandi na Kericho ni sehemu ya vita dhidi ya gugu, ingawa hakuna anayekwenda kuyapiga picha.

Jihadhari pia na tangazo kwamba "gugu limeisha". Upepo ukigeuka, ghuba iliyojaa asubuhi huonekana wazi jioni. Linganisha picha za setilaiti za miezi ileile ya miaka tofauti. Zile za Sentinel-2 ni za bure na hupatikana kila baada ya siku 5 mawingu yakiruhusu.

5. Maji ya ziwa yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta. Nikichemsha nitakuwa salama?

Hapana, na hili ndilo jibu tunalotamani lifike kila nyumba iliyo ufuoni. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo: dakika 1 ya kutokota inatosha Kisumu, na dakika 3 kwa sehemu zilizo juu ya mita 2,000 kama Molo. Lakini ukijani ule huwa mara nyingi ni bakteria wa kijanibluu, na baadhi yao hutengeneza sumu ya ini iitwayo maikrosistini. Joto la sufuria haliiharibu. Kuchemsha hupasua seli na kuiachia sumu ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa kwa muda mrefu.

Ili kukisia ni nini, vaa glavu au mfuko mkononi, jaza chupa angavu robo tatu, ifunge na uiache mahali pa baridi usiku kucha bila kuitikisa. Ukijani ukipanda na kufanya utando juu, shuku bakteria hao. Ukizama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Kipimo hiki hakisemi kama kuna sumu. Hiyo ni kazi ya maabara. Usiteke maji kwenye utando, usiruhusu ng'ombe wala mbwa wanywe hapo, tumia mvua au kisima hadi utando uondoke. Klorini ya nyumbani usiitegemee kwa kazi hii.

6. Samaki wa vizimba wamekufa usiku mmoja. Je, ni sumu ya kiwanda?

Inawezekana, lakini anza na oksijeni, kwa kuwa ndiyo muuaji wa kawaida. Ngege (tilapia) wa vizimbani hustawi oksijeni ikiwa zaidi ya miligramu 5 kwa lita, huteseka ikishuka chini ya 3, na hufa ikikaribia 1 au chini yake. Upepo mkali au mvua baridi vinaweza kuyapandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni hadi kwenye vizimba. Mwani mwingi huila oksijeni usiku, ndiyo maana vifo huonekana alfajiri.

Dalili zinatofautiana. Oksijeni ikikosekana, samaki huja juu wakihema kabla ya kufa, wakubwa hufa kwanza, na vizimba vya wenye mali mbalimbali hupigwa kwa pamoja. Sumu mara nyingi huanza na wadogo, au huua kwa mstari kutoka upande inakoingia. Hata hivyo dalili hazitoshi mbele ya sheria wala mbele ya bima. Fanya hivi mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana:

1. Pima oksijeni papo hapo kwa kipimo cha mkononi, juu, katikati na chini ya kizimba. Maji yaliyobebwa kwa mtungi hadi mjini hayatoi jibu la oksijeni.
2. Jaza chupa safi ya kioo ya lita 1 hadi mdomoni, ifunge, iweke kwenye barafu gizani. Jaza nyingine umbali wa mita 200 ambako samaki hawajafa. Wengi huiacha hii ya pili, na bila yake ya kwanza haina cha kulinganishwa nacho.
3. Chukua samaki wanaokufa, wasiooza. Wa kuchunguzwa ugonjwa wawe kwenye barafu bila kugandishwa. Wa kupimwa viuatilifu wafungwe kwa karatasi ya alumini na wagandishwe.
4. Andika saa, upepo, mvua, na kiasi cha chakula ulichowapa siku tatu zilizopita.
5. Piga simu kwa afisa wa uvuvi na KMFRI siku hiyohiyo. Simamisha kulisha.

Samaki waliokufa hivyo wasiuzwe, hata kwa bei ya kutupa.

7. Je, ni mbuta peke yake aliyewamaliza samaki wa asili?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mbuta (sangara) aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980, na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa asili, zikaporomoka. Ila kuna mkono wa pili. Maji yalipochafuka, fulu walishindwa kuonana vizuri. Majike wao huchagua dume kwa rangi, na katika maji ya tope aina zilizokuwa mbalimbali zilianza kuzaana na kuchanganyika. Omena alinusurika na sasa ndiye mlo wa wengi. Wanaosema "tumtoe mbuta, ziwa lirudi" wanasahau tope.

8. Ziwa likipanda, ni Uganda imefunga bwawa la Jinja?

Dai hili lina chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa 1954 kwa makubaliano kwamba litoe maji kama mto ulivyokuwa ukitoa wenyewe. Kati ya 2004 na 2006 yalitolewa maji zaidi ya kanuni hiyo wakati wa ukame, na wachambuzi waliona kwamba karibu nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na bwawa. Kwa hiyo binadamu wanaweza kulisogeza ziwa.

Lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2 kwa mvua. Mnamo Mei 2020 lilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu enzi hizo, na sababu ilikuwa mvua. Maumivu ya nyumba zilizozama ni ya kweli. Mengi yalianza pale watu walipogawiwa au kuuziwa ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiacha kwa muda tu.

## Nakuru na Bonde la Ufa

9. Ziwa Nakuru limefurika kwa sababu Afrika inapasuka?

Bara linapasuka kweli, kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Ukichukua milimita 3, mita moja huchukua zaidi ya miaka 300. Kasi hiyo haiwezi kulipanua ziwa kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60 ndani ya mwongo mmoja, kama ilivyotokea Nakuru tangu 2010. Na ule ufa wa Suswa wa Machi 2018 ulifunguka baada ya mvua kubwa kusomba majivu laini ya volkeno yaliyokuwa yamejaza mwanya wa zamani.

Angalia nini kingine kilipanda. Naivasha, Bogoria na Baringo vilipanda katika miaka hiyohiyo, na Ziwa Victoria, lililo mbali na sakafu ya bonde, nalo likapanda. Mvua ndiyo inayoyaunganisha yote. Juu ya mvua kuna misitu: Mau ilipoteza zaidi ya hekta 100,000, karibu robo yake, ndani ya miongo michache, na mto Njoro hutoka huko. Udongo ulio wazi haunyonyi, hivyo maji hukimbia na tope lake hadi ziwani. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kinachoingia hutoka kwa kuwa mvuke tu, au kidogo kwa kuzama chini.

10. Flamingo wamekufa wote?

Walihama. Heroe mdogo, ndiye flamingo huyu, hula spirulina, aina ya bakteria wa kijanibluu ambayo hustawi katika maji ya magadi makali. Maji matamu yalipoingia kwa wingi Nakuru, magadi yakapungua ukali, chakula kikapungua, na ndege wakaenda Bogoria na kwingineko. Mazalia yao makuu yako Ziwa Natron, Tanzania. Ukiona kichwa cha habari "flamingo wapungua", uliza kama walihesabiwa siku moja katika maziwa yote. Hesabu ya ziwa moja inaeleza habari za ziwa hilo tu.

11. Meno ya kahawia ya watu wa Nakuru ni ya kutosugua?

Hapana, na watoto wengi wameonewa shuleni kwa uongo huu. Ni floridi iliyo kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa, inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Madhara ya meno hutokea wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, takriban kabla ya miaka 8. Baada ya hapo dawa ya meno haiondoi doa. Kiwango cha juu sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa.

Floridi haina rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo kipimo cha maabara hakina mbadala. Kuchemsha kunazidisha tatizo: lita 20 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi zibaki 15, sasa zina miligramu 4 kwa lita. Njia nafuu ni kuchanganya na mvua, ambayo karibu haina floridi. Kisima chenye 6 kikichanganywa sehemu 1 kwa sehemu 3 za mvua hushuka hadi 1.5. Ikiwa mvua haitoshi, itunzie watoto wadogo na mama mjamzito kwanza.

Vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru lilivieneza, hufanya kazi. Hushindwa kimyakimya mkaa unaposhiba: maji hutoka masafi vilevile huku floridi ikipita. Pima tena kwa ratiba. Na ukipikia maharagwe au githeri kwa magadi, fahamu kwamba magadi yenyewe yanaweza kubeba floridi nyingi.

## Miti, mvua na imani

12. Mkaratusi unakausha chemchemi, au unasingiziwa?

Unategemea umepandwa wapi. Mikaratusi ililetwa Kenya karibu 1902 kwa ajili ya kuni za treni, na leo ndiyo nguzo, mbao na karo ya shule kwa familia nyingi za Vihiga, Kakamega na Kisii. Dai la "lita elfu kwa siku kwa kila mti" halina msingi. Mti mkubwa hutumia makumi ya lita, mmoja mmoja hupita 100. Tena kwa kila kilo ya mbao, mkaratusi ni mtumiaji mzuri wa maji.

Lakini chemchemi haihesabu kilo za mbao. Inahesabu jumla. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde dogo la majani lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na kijito kilichukua miaka 5 zaidi kurudi. Kuna somo la pili humo: ukikata leo, usitarajie maji Jumatatu ijayo.

Kwa vitendo: usipande ndani ya mita 30 za chemchemi, mto au eneo chepechepe. Mnamo 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe, na hoja yake ilikuwa sahihi kwa maeneo hayo. Kwenye kilima kikavu mbali na maji, kipande cha mikaratusi kinaweza kuuokoa msitu wa asili kwa kutoa kuni.

13. Waleta mvua wa Nganyi: ni imani tupu?

Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Vihiga, umesoma dalili za mvua kwa vizazi: kuchanua kwa miti, mienendo ya ndege na wadudu, mwelekeo wa upepo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Idara ya Hali ya Hewa na ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa tabianchi, walikaa nao wakaanza kutoa utabiri wa pamoja kwa wakulima. Kutenganisha mambo mawili kunasaidia. Kusoma dalili ni uchunguzi. Unaweza kuandikwa, kuhesabiwa na kupimwa msimu baada ya msimu. Kuifanya mvua inyeshe ni dai jingine, na hakuna kipimo lilichopita. Heshima kwa wazee hao ni kuuchukulia uchunguzi wao kwa uzito wa kuupima. Misitu yao ya matambiko, kwa bahati, imehifadhi miti ambayo kwingine imeshakwisha.

14. Radi hutumwa na mchawi? Na vioo vifunikwe?

Radi huzaliwa unyevu wa ziwa unapokutana na hewa inayopanda kwenye nyanda za juu, ndiyo maana Kisii, Kakamega na Vihiga hupigwa mara nyingi. Kioo na nguo nyekundu havihusiki. Hatari ya kumlaumu jirani ni kwamba familia hubaki chini ya mti uleule. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia jengo imara au gari lililofungwa, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mechi isimamishwe, mashua irudi ufuoni.

15. Waliahidi El Niño na haikuja. Kwa nini niwaamini tena?

Utabiri wa msimu hutolewa kwa nafasi tatu: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, chini ya kawaida. Bila taarifa yoyote kila moja ina asilimia 33. Wakisema 45 kwa juu ya kawaida, bado kuna 55 kwamba haitakuwa hivyo. Redio hutangaza "mvua kubwa yaja", na hapo ndipo ahadi inapotengenezwa.

Tena El Niño si mvua. Ni joto la Bahari ya Pasifiki, na kwetu Bahari ya Hindi ina sauti kubwa vilevile. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali na wengi wakaona mvua ya wastani. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya maana, ila magharibi mwa Bahari ya Hindi kulikuwa na joto jingi, na vuli ikafurika. Mkulima wa Ahero asiuweke msimu wote kwenye dau moja: agawe shamba, na afuate utabiri wa siku 5 hadi 7 anapopanda, maana huo hukosea mara chache zaidi.

16. Kila mafuriko ni mabadiliko ya tabianchi?

Gawa swali mara tatu. Mvua: hewa hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya joto, kwa hiyo mvua kubwa zinaelekea kuwa kubwa zaidi. Bonde: Kano na Budalangi ni nchi tambarare zilizojengwa na mafuriko yenyewe, na zilifurika babu zetu wakiwa wadogo. Makazi: mtaro uliozibwa na taka au tuta lisilokarabatiwa ni kazi ya ofisi fulani, yenye bajeti fulani. Kiongozi anayelitaja la kwanza pekee anaweza kuwa anakwepa la tatu. Na anayelicheka la kwanza atajenga tuta fupi mno.

17. Kenya hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Kwa nini tujisumbue?

Kwa joto la dunia, hoja hiyo ina uzito, na wachafuzi wakubwa wana deni. Lakini maji taka ya Kisumu, udongo wa Mau na taka za Nakuru havikutoka Ulaya, na faida ya kuvizuia hubaki hapahapa.

## Maswali yenye utata

18. Mahindi ya haibridi ni GMO?

Hapana. Haibridi ni uzao wa mistari miwili au zaidi ya mahindi iliyochavushwa kwa makusudi, na Kitale imekuwa ikiitoa tangu miaka ya 1960. GMO hubadilishwa jini maabara. Marufuku ya GMO iliyowekwa 2012 iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Ukiona mahindi makubwa ya manjano, rangi na ukubwa havikuambii lolote.

19. Kuna dai la kisayansi la huku kwetu lililopimwa likasimama?

Lipo, na linastahili kujulikana zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, walibuni mbinu ya kusukuma na kuvuta. Panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mashina, majani ya tembo huwavuta wakatage huko, ambako mabuu wengi hufa. Ziada iliyowashangaza watafiti: mizizi ya desmodiamu huzuia kayongo (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kwa kuifanya mbegu yake iote kisha ife bila kushika mzizi wa mahindi. Hushindwa pale desmodiamu inapong'olewa kama gugu wakati wa palizi ya kwanza, au majani ya tembo yanapoachwa bila kukatwa yakayafunika mahindi.

20. Wataalamu hubadilisha msimamo. Si ishara kwamba hawajui?

Uliza wamebadilisha kwa sababu gani. Kipimo kipya kikitajwa, huo ni uaminifu. Msimamo ukigeuka baada ya kikao na mwenye pesa bila kipimo kipya, shuku kwa nguvu zote.

21. Ushahidi haujakamilika na hatari ni kubwa. Nifanye nini?

Linganisha gharama ya kukosea pande zote mbili. Kutokula samaki wa ufuo mmoja kwa wiki, majibu ya maabara yakisubiriwa, ni hasara inayofidika. Ini la mtoto halifidiki. Kwa upande mwingine, kukata mikaratusi yote ya kijiji kwa hofu ni hatua isiyorudishika kwa karo ya mwaka huu, kwa hiyo anza na iliyo ndani ya mita 30 kama ilivyoelezwa katika swali la 12.

22. Nimegundua niliyosambaza ni uongo. Kufuta kunatosha?

Hakutoshi, kwa kuwa walioipokea wameshaipeleka mbele. Andika katika kundi lilelile, kwa lugha ileile, na utaje kosa waziwazi: "Picha ya samaki niliyotuma jana si ya Dunga, ni ya nchi nyingine, ya miaka minne iliyopita." Weka picha ya asili na tarehe yake. Kama sehemu ya habari ilikuwa kweli, itaje pia, ili watu wasiitupe pamoja na uongo. Kama ilimtaja mtu, muuzaji au kiwanda, mpigie aliyekutumia umweleze, naye ampigie aliyemtumia.